Malori ya Vijijini Wales na Geti Linalohama

Kwa miaka minne niliyoishi Aberystwyth, mji mdogo ulio kwenye pwani ya magharibi ya Wales, nilikuwa na desturi moja isiyohusiana kabisa na tasnifu yangu: kusoma milango ya malori. Malori ya maduka makubwa, yale yatokayo kwenye maghala ya England yakiwa na picha za matunda ubavuni, hayakunishughulisha. Niliyatafuta malori ya wasafirishaji wa vijijini, ambayo mlangoni au juu ya kioo cha mbele yameandikwa jina la mwenyewe, jina la kijiji chake, na pengine yale maneno ya Kiwelisi a'i Feibion, yaani "na wanawe". Mtu akisimama nusu saa kando ya barabara ya A487 anaweza kuichora ramani ya magharibi yote ya Wales kwa majina hayo peke yake, nayo ni majina ambayo mtangazaji wa London huyatamka kwa hofu.

Kila mzigo ulikuwa na saa yake. Alfajiri yalipita maboza ya maziwa kutoka mabonde ya Aeron na Teifi. Siku za mnada yalipita malori ya kondoo yenye ghorofa tatu, pua za wanyama zikichungulia kwenye nafasi za mbao na chuma. Wales ina watu wapatao milioni 3, na kondoo karibu mara tatu ya idadi hiyo. Mchana yalishuka malori ya magogo kutoka kwenye misitu ya milimani. Katika mji wa Machynlleth, ambako barabara kuu mbili hukutana chini ya mnara wa saa, nimewaona madereva wa magogo wakikata kona kwa utulivu ambao ningependa kuuona kwa madereva wetu wa mabasi ya mikoani. Kaskazini kidogo ya mji huo, juu ya mto Dyfi, malori yalipishana kwa shida kwenye daraja la mawe lililojengwa mwaka 1805. Mto ulipofurika, safari ya dakika chache iligeuka mzunguko mrefu wa milimani.

Mwanahistoria hawezi kutazama mzigo ukipita bila kujiuliza ni nani anayeulipia njia. Huko Wales swali hilo ni la zamani kuliko lori lenyewe, na majibu yake yamekuwa yakibadilika kwa namna ambayo naona yafaa izingatiwe na yeyote anayehusika na ushuru, barabara au kilimo. Kwa kifupi, geti la kulipia njia halijawahi kuondoka. Limekuwa likihamishwa, na kila lilipohamishwa lilikwenda mahali ambapo mkulima hawezi kulifikia kwa urahisi.

Hapo awali mzigo ulijitembeza wenyewe. Kabla ya reli, ng'ombe wa Wales walikwenda kwa miguu hadi masoko ya England, wakiwa wamepigiliwa viatu vya chuma ili kwato zisiishe njiani. Wale waliowaswaga walikuwa watu wa kuaminiwa, kwa maana walirudi na fedha za vijiji vizima mfukoni. Mmoja wao, David Jones, alianzisha benki katika mji wa Llandovery mwaka 1799, nayo ikaitwa Benki ya Ng'ombe Mweusi. Benki ya Lloyds iliinunua mwaka 1909. Waswaga hao walipendelea njia za milimani, na sababu mojawapo ni kwamba huko hakukuwa na mageti.

Mkulima wa bondeni hakuwa na nafasi hiyo ya kukwepa. Udongo wa Wales magharibi una tindikali nyingi na hauzai vizuri bila chokaa. Chokaa ilichomwa kwenye matanuri ya pwani na ya milimani, na kila mwaka wakulima walisafiri kwa mikokoteni, mara nyingi usiku kucha, kwenda kuichukua. Barabara zilikuwa mikononi mwa wadhamini waliopewa na Bunge haki ya kutoza ushuru ili wazitengeneze. Wadhamini hao walikopa, madeni yakawaelemea, wakaanza kukodisha mageti yao kwa wakandarasi wa ushuru. Maarufu kati ya wakandarasi hao alikuwa Thomas Bullin, Mwingereza, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hapiti mtu bure. Viliongezwa vizuizi vidogo kwenye njia za pembeni, mahali hasa ambapo mikokoteni ya chokaa ilipitia kukwepa geti kubwa. Ushuru wa njiani uliweza kuzidi bei ya chokaa yenyewe pale tanurini. Afisa wa halmashauri anayesoma haya, aliyewahi kusimamia kizuizi cha mazao kwenye njia panda, hahitaji maelezo zaidi.

Tarehe 13 Mei 1839, usiku, geti jipya la Efailwen, mpakani mwa Carmarthenshire na Pembrokeshire, lilivunjwa. Waliolivunja walikuwa wanaume waliovaa nguo za kike na kupaka nyuso zao masizi, na kiongozi wao aliitwa Rebecca. Walikuwa watu wa kanisani, wakaichukua ile baraka ya kitabu cha Mwanzo inayomwahidi Rebeka kwamba uzao wake utayamiliki malango ya adui zake. Geti lilijengwa upya, likavunjwa tena. Baada ya ukimya wa miaka kadhaa vuguvugu likarudi mwishoni mwa mwaka 1842, na kiangazi cha mwaka 1843 lilikuwa limeenea kusini magharibi yote. Tarehe 19 Juni mwaka huo umati uliingia Carmarthen mchana kweupe na kuivamia nyumba ya maskini, ambayo wakulima waliichukia kama walivyoyachukia mageti, hadi askari wa farasi walipowatawanya. Mwezi Septemba, huko Pontarddulais, kijana John Hughes alipigwa risasi, akakamatwa, akahukumiwa miaka 20 uhamishoni Tasmania. Siku chache baadaye, huko Hendy, bi kizee aliyelinda geti, Sarah Williams, aliuawa.

Wanaharakati wanaopenda kumtaja Rebecca wasilipitie jina la Sarah Williams kwa haraka. Hakuwa mkandarasi wala mdhamini. Alikuwa mwajiriwa wa mwisho kabisa katika mnyororo ule, aliyekaa kibandani kupokea senti za watu wengine, na hasira iliyoelekezwa kwa Bunge na mabwana wa ardhi ilimwishia yeye. Historia ya vizuizi, popote pale, ina watu wa namna yake wengi kuliko tunavyokiri.

Serikali ilifanya jambo la nadra: ikatuma tume, chini ya Thomas Frankland Lewis, ikawasikiliza wakulima, na mwaka 1844 ikapitisha sheria iliyowaondoa wadhamini wa kusini mwa Wales na kukabidhi barabara kwa bodi za wilaya. Ushuru wa chokaa ukapunguzwa kwa nusu. Naona ushindi huo uliwezekana kwa sababu geti lilionekana. Lilikuwa na mbao, bawaba, na orodha ya viwango iliyobandikwa ukutani. Mkulima alijua analipa kiasi gani, kwa nani, na wapi pa kwenda na shoka.

Reli ilipofika mabondeni, swali lilinyamaza kwa vizazi viwili. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Vijana wa mashambani walijifunza udereva na ufundi jeshini, na baada ya mwaka 1918 malori ya ziada ya jeshi yaliuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuikopa. Wasafirishaji wengi wa vijijini Uingereza walianzia hapo, na Wales haikuwa tofauti. (Katika vita hivyohivyo, huku kwetu, mizigo ya majeshi ilibebwa na vichwa vya wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, Kariakoo ya Dar es Salaam ina jina lake kutokana na kikosi hicho. Hakuna aliyerudi kutoka kazi hiyo na lori.)

Lori la kijijini la miaka ya 1930 halikuwa la kazi moja. Mzee mmoja wa karibu na Tregaron, aliyeanza kazi ya utingo akiwa mvulana, alinieleza wiki ya lori la mjomba wake. Kila asubuhi lilizunguka kukusanya mitungi ya maziwa. Mtungi wa galoni 10 una lita 45 na ushei, na mwenye ujuzi aliweza kuizungusha miwili kwa mpigo juu ya kingo zake bila kuinua hata mmoja. Mchana lilibeba makaa ya mawe, chakula cha mifugo, au chokaa, ambayo tangu mwaka 1937 serikali ilikuwa ikiichangia nusu ya bei. Siku ya mnada liliwekewa sanduku la mbao mgongoni likawa lori la mifugo. Jumamosi lilioshwa. Katikati ya kazi hizo dereva alibeba barua, dawa na habari za nani ameaga dunia, bila malipo. Vijukwaa vya mawe na zege ambavyo mitungi ya maziwa iliwekwa kusubiri lori bado vipo kwenye maingilio ya mashamba mengi, na leo huwekwa maua au sanduku la barua.

Nyuma ya mzunguko ule kulikuwa na chombo kilichoundwa mwaka 1933: Bodi ya Masoko ya Maziwa ya England na Wales. Bodi ilinunua maziwa yote ya wanachama wake, ikalipa bei ya pamoja kwa kila kanda, na gharama za kuyakusanya zikagawanywa kwa kiasi kikubwa miongoni mwa wazalishaji. Kwa shamba la mwisho kabisa juu ya bonde, lenye ng'ombe 12 na njia ya matope, maana yake ilikuwa kwamba lori lingefika na hundi ingefika kila mwezi. Sijui chombo kingine cha karne ya 20 kilichofanya zaidi kuwabakiza Wawelisi kwenye mashamba madogo, na kwa hiyo kuibakiza lugha yao vijijini, hata kama hakikuundwa kwa ajili hiyo.

Mwaka huohuo wa 1933 sheria nyingine iliwapanga wenye malori katika leseni za A, B na C. Aliyetaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo alikwenda mbele ya mamlaka ya leseni, na kampuni za reli zilikuwa na haki ya kumpinga. Ndipo yalipozaliwa yale masharti ya ajabu ya kubeba mazao fulani tu, ndani ya maili kadhaa tu. Chama cha Labour kilipotaifisha usafirishaji wa masafa marefu kwa sheria ya mwaka 1947, msafirishaji binafsi alifungiwa ndani ya maili 25 kutoka kituo chake. Lakini mifugo, magogo, na vimiminika vinavyobebwa kwa matangi viliachwa nje ya utaifishaji huo. Hivyo ndivyo vilivyokuwa, kwa sehemu kubwa, mizigo ya Wales ya vijijini. Majina ya koo niliyoyasoma milangoni yalinusurika kwa sababu hiyo, nasi tuliofunzwa kuona utaifishaji kama jambo la yote au sifuri tunaweza kuitafakari sheria hiyo kwa faida.

Halafu reli ikaondoka. Njia ya Cardigan ilifungwa kwa abiria mwaka 1962 na kwa mizigo mwaka 1963. Njia ya kutoka Bala kwenda Blaenau Ffestiniog ilikwishafungwa, na sehemu yake ikazama chini ya bwawa lililojengwa kuipatia Liverpool maji, pamoja na kijiji cha Capel Celyn. Njia ya Carmarthen hadi Aberystwyth ilipoteza abiria mwaka 1965. Treni za maziwa ziliendelea hadi mwaka 1973. Nilipotaka kwenda Carmarthen kwa treni, safari isiyofika kilomita 100 kwa barabara, njia ilikuwa kupitia Shrewsbury, ndani ya England. Reli zilizobaki zilikuwa zile zinazotoka Wales kwenda mashariki. Kilichotoka kaskazini kwenda kusini, kiwe ng'ombe au mtu, kilibaki mikononi mwa barabara.

Kampuni ambayo maboza yake niliyaona kuliko yote, Mansel Davies, ilikuwa na makao yake Llanfyrnach, Pembrokeshire, kwenye uliokuwa uwanja wa stesheni ya ile reli ya Cardigan. Kutoka hapo hadi Efailwen ni kilomita chache tu.

Mwaka 1979 ukusanyaji wa mitungi ulikoma na boza likachukua nafasi yake. Kwa vitabu vya ufanisi yalikuwa maendeleo, na maziwa yalikuwa salama zaidi. Lakini boza halipiti kila njia, na tangi la kupozea maziwa shambani lilitaka mtaji. Wenye ng'ombe wachache waliacha. Aprili 1984 Jumuiya ya Ulaya ikaweka viwango vya juu vya uzalishaji, wakaacha wengine. Mwaka 1994 Bodi yenyewe ilivunjwa, na mwaka huohuo kiwanda cha maziwa cha Whitland, kilichokuwa moyo wa eneo lile, kikafungwa. Lori likawa refu zaidi, safari ikawa ndefu zaidi, na majina ya milangoni yakapungua.

Malori yenyewe hayakufia huko. Kwa kuwa Waingereza nao huendesha upande wa kushoto, malori yao yaliyotumika huuzwa huku kwetu kwa wingi. Kwenye maegesho ya Chalinze niliwahi kuona kichwa cha lori ambacho chini ya rangi mpya herufi za jina la kijiji cha Carmarthenshire zilikuwa bado zinasomeka. Utingo alidhani ni jina la kiwanda.

Mwaka 2000 swali la zamani lililipuka. Tangu mwaka 1993 serikali za London, kwanza za Conservative na baadaye ya Labour, zilikuwa zikipandisha kodi ya mafuta kila mwaka kuliko mfumuko wa bei. Mpango huo ulisitishwa mwaka 1999, lakini wakati huo karibu robo tatu ya bei ya pampuni ilikuwa kodi. Bei ya mafuta duniani ilipopanda, mwenye lori wa Wales alibanwa pande mbili, huku akitazama malori ya Ireland yakishuka Holyhead na Fishguard yakiwa na dizeli ya bei nafuu zaidi. Mapema Septemba wakulima na wenye malori walikutana kwenye uwanja wa mnada wa St Asaph. Tarehe 7, wakiongozwa na mkulima Brynle Williams wa Flintshire, walikwenda kuuzuia mtambo wa mafuta wa Stanlow, ng'ambo ya mpaka. Milford Haven na mitambo mingine ikafuata. Ndani ya wiki moja maelfu ya vituo vya mafuta Uingereza nzima vilikuwa vikavu, na hospitali zilianza kuahirisha kazi zisizo za dharura. Tarehe 14 wakaondoka. Mwezi Novemba waziri wa fedha, Gordon Brown, alizuia kodi ya mafuta isipande.

Magazeti yaliwaita warithi wa Rebecca. Ufanano upo, ila tofauti ndiyo iliyo na uzito zaidi. Rebecca alivunja geti lenyewe. Watu wa Stanlow hawakuwa na geti la kuvunja, kwa sababu ushuru wa njia ulikwishahamia ndani ya bei ya lita moja, mahali pasipo kibanda wala orodha ukutani. Kwa hiyo waliziba mlango ambao hata muuguzi na dereva wa basi walipitishia maisha yao. Niliwahi kubishana na mwenzangu wa idara, mtoto wa mwenye lori, aliyesema hawakuwa na njia nyingine. Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani pia hilo ndilo lililopaswa kuitisha serikali kuliko foleni za petroli: kodi iliyojificha vizuri humwachia mlipaji njia moja tu ya kulalamika, nayo humwumiza jirani yake kwanza.

Miezi mitano baadaye ukaja ugonjwa wa miguu na midomo. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa Uingereza, biwi la mizoga likawashwa kwenye mlima Epynt, na malori ya mifugo yakasimama kwa miezi mingi kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yamesambaza ugonjwa kutoka mnada hadi mnada. Baadhi ya wenye malori niliozungumza nao walikwepa kabisa kuuzungumzia mwaka huo.

Tangu mwaka 1999 Wales ina Bunge lake Cardiff, lenye mamlaka juu ya barabara kuu zake. Kodi ya mafuta imebaki London. Mgawanyo huo unaeleza kwa nini watu wa Stanlow hawakwenda Cardiff, ingawa Brynle Williams mwenyewe aliingia Bunge hilo mwaka 2003 na kubaki humo hadi alipofariki mwaka 2011. Geti moja linaloonekana lilikuwa kwenye madaraja ya mto Severn, lililotoza wanaoingia Wales tu; mwaka 2017 lori kubwa lililipa pauni 20 kila lilipovuka. Liliondolewa Desemba 2018. Lile lisiloonekana lina wasiwasi wake: kwa zaidi ya miaka 10 tangu 2011, hakuna waziri wa fedha wa chama chochote aliyethubutu kupandisha kodi ya mafuta, na kila bajeti ilipokaribia, Septemba 2000 ilikumbukwa.

Mwaka 2023 serikali ya Cardiff, ikitaja tabianchi, ilisitisha miradi mingi ya barabara mpya. Daraja la Dyfi lilikuwa limekwisha kuanza kujengwa, likaachwa liendelee, na mwaka 2024 likafunguliwa pamoja na njia ndefu iliyoinuliwa juu ya uwanda wa mafuriko. Malori ya magogo na ya maziwa sasa yanapishana hapo mvua ikinyesha. Saruji yake imelipiwa na bajeti ya Cardiff, na kodi ya dizeli inayoyavusha inakwenda London.